Makaa ya Kibuyu cha Janeffer

Huku kwetu chai hainywewi, inamezwa ikiwa bado inapigana. Wewe mgeni ukipewa kikombe hapa Kapkatet, halafu uanze kukipuliza kama mtu anayewasha kuni mbichi, hakuna atakayekutukana, maana sisi ni watu wa adabu. Lakini mama wa nyumba atakuuliza taratibu kama kwenu watoto hunyonyeshwa maji baridi. Na upande wetu wote hakuna aliyemeza chai ya moto kumshinda Mwalimu Kipngeno. Birika likitoka mekoni, anamimina, na kabla povu halijatulia kikombe kiko mezani kitupu, naye anauliza kama mwenzake yuko njiani. Mke wake Janeffer alijivunia koo hilo. Wanawake wengine husifu magari ya waume zao.

Kilichomshinda Janeffer kueleza ni kazi ya mumewe. Ukiwa mke wa daktari, unasema daktari na mazungumzo yanaendelea. Lakini Kipngeno alifundisha falsafa, tena falsafa ya uzuri, tena si kwa mapadri bali kwa wanafunzi wa uchoraji, katika chuo kidogo kilichojibanza ndani ya banda la zamani la kununulia majani chai. Mizani ilikuwa ingali inaning'inia juu ya vichwa vya wanafunzi kama mtu aliyesahau kushuka. Akina mama wa kanisa walipomuuliza Janeffer mzee wake anafundisha nini, alijibu kuwa ni mambo ya rangi. Wiki iliyofuata wakaleta mlango wa choo cha kanisa ili mzee aupake. Naye Kipngeno, kwa vile upole na uchokozi vilikaa ndani yake kama mapacha, aliupaka bila neno. Ukawa mlango mzuri kuliko wa ofisi ya mchungaji.

Sisi tulioondoka shule kabla ya kengele ya mwisho tunaijua falsafa kuliko wanavyodhani. Ni kazi ya kumuuliza mtu jambo alilokuwa akilijua vizuri mpaka ulipomuuliza. Kipngeno aliingia darasani na kikombe cha bati chenye kutu, akakiweka mezani, akauliza kama ni kizuri. Wanafunzi wakasema hapana. Akauliza kwa nini basi wamekiangalia muda wote huo na dirishani kuna mashamba ya chai ambayo wazungu hupanda ndege kuja kuyaona. Vijana walichukia somo hilo. Walikuja chuoni kujifunza kuchora mabango ya saluni na sura za watu kutoka kwa picha za simu, biashara yenye wateja, na sasa mtu mzima anawasumbua na kikombe.

Mmoja tu hakuchukia. Bonareri alikuwa msichana wa Kisii aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, ambako mama yake alichuma majani mpaka mashine zikaja zikamrudisha nyumbani na mgongo wake. Siku Mwalimu alipowapeleka nje kuwauliza kama kilima kile cha chai ni kizuri, wote walisema ndiyo, haraka, warudi ndani kabla ya mvua. Bonareri akasema inategemea umesimama wapi. Ukiwa barabarani ni kizuri. Ukiwa ndani, umefunga karatasi ya plastiki kiunoni na umande umeingia mpaka kwenye mifupa, huoni kilima, unaona jani. Kipngeno alirudi nyumbani jioni hiyo akamsimulia Janeffer maneno hayo mara mbili, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui mwenyewe ni nani.

"Sasa swali ni hili, Mama Chepchumba," alimwambia. Chepchumba ni mzaliwa wao wa kwanza, aliyeolewa Bomet. "Kizuri ni kile kinachopendeza macho, ama ni kile ambacho macho yanashindwa kukiacha?"

Janeffer alimwambia kizuri ni mtu kufunga ndama kabla hajamaliza maziwa.

Halafu ng'ombe akafa. Alikuwa ng'ombe wa Janeffer, Friesian mwenye kiwele cha kutangazwa, akachukuliwa na ndigana, homa ile ya kupe, kati ya Jumapili na Jumatano. Mtu mwenye akili hufukia ng'ombe kama huyo haraka na kunyamaza. Kipngeno aliwaita wanafunzi. Wakaja na karatasi zao, wakaketi kwenye nyasi kuzunguka mzoga, wakaambiwa wachore. Majirani walisimama kwenye ua wa michongoma wakiangalia watoto wa watu wakichora maiti ya ng'ombe, na Janeffer aliingia jikoni akafunga mlango kwa aibu. Akiwa humo alisikia kijana mmoja akisifiwa na wenzake kwa kumchora ng'ombe kama amelala. Kisha akasikia sauti ya mumewe, ile nzito iliyokuwa ikifika mpaka mtoni bila kupandishwa.

"Ukimchora kama amelala, umemwibia kifo chake," alisema. "Na alikuwa nacho hicho tu."

Janeffer hakumsamehe upesi. Ng'ombe wake alikuwa amelia kwa siku tatu, ulimi nje, na huyu anafanya somo. Lakini kuna jambo hakumwambia mtu. Michoro ile ilipoachwa mezani, aliipekua yote, akaacha ile ya ng'ombe aliyelala, akakaa na ya Bonareri. Ulimi ulikuwa nje. Jicho lilikuwa na inzi. Alijua ni ng'ombe wake bila kuambiwa, akalia kidogo, akairudisha chini ya zile nyingine.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Kipngeno alipuliza chai.

Alifanya hivyo kama mtu anayewaza mengine, lakini Janeffer alimwona, na moyo wake ukaanguka kama chungu. Baadaye mzee akaanza kutafuna kimyet chake kwa muda mrefu, yeye aliyekuwa akimeza ugali kama anaweka barua sandukuni. Akasema unga wa siku hizi umeharibika. Akasema nyama ni ya fahali mzee. Akaanza kulainisha kila kitu kwa mursik, maziwa yetu ya kugandia kibuyuni, akisukumia tonge, na Janeffer akazidisha kibuyu, akichagua tawi zuri la senetwet, akilichoma na kusugulia makaa yake ndani ya kibuyu mpaka maziwa yakawa na ile rangi ya majivu na ile harufu ambayo mtu wa huku akiwa Uarabuni akiinusa anakata tiketi ya kurudi. Kwa miezi kadhaa mursik ilipita. Halafu nayo ikaanza kurudi.

Ugonjwa huo unajua njia za huku. Hakuna boma ambalo halijauona, kama si kwao basi ng'ambo ya mto. Hospitali waliutaja kwa jina, kansa ya koo, wakasema wamechelewa, wakamwekea mpira tumboni wa kupitishia uji, wakamrudisha nyumbani. Mtu aliyekuwa akijaza mlango akaanza kupita bila kuugusa. Mashavu yaliingia ndani. Shingo ikawa kamba tupu, na ile sauti ya kufika mtoni ikashindwa kufika mlangoni.

Aliendelea kufundisha. Aliposhindwa kupanda kwenda bandani, darasa lilikuja kwake, likaketi kwenye makochi ya Janeffer yenye vitambaa. Mwanzoni walijaa. Kisha vijana wakaanza kuwa na shughuli. Mtu hawezi kulaumu vijana. Sisi wenyewe tuliokomaa tulikuwa tukimsalimia tukiangalia kalenda ukutani. Mwishowe akabaki Bonareri. Alikuja, akasalimia, akasaidia kumkamua ng'ombe aliyebaki, kisha akaketi karibu na kitanda na kuinamisha sikio, na Janeffer akiwa jikoni alisikia mnong'ono wa mumewe ukiuliza, na msichana akijibu, na mnong'ono tena. Hata hapo, na kifo kimeshavua viatu mlangoni, bado alikuwa anamuuliza mtoto wa watu mambo aliyokuwa akiyajua.

Siku moja akamwita Janeffer, akampa ombi lake.

"Bonareri atanichora," alisema. "Hivi nilivyo. Na siku yangu ikifika, hiyo ndiyo mtaweka juu ya sanduku. Sio ile ya harusi ya Chepchumba."

Janeffer aliuliza siku gani. Akajifanya haelewi, akaanza kukunja blanketi ambalo lilikuwa limekunjwa.

"Mimi ndio ng'ombe sasa," mumewe alisema, akatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa baya kuangalia.

Janeffer alikataa. Alikataa kwanza peke yake, halafu akapata mwenzake wa kukataa naye, shemeji yake Isaiah, kaka mkubwa wa Kipngeno na mzee wa kanisa, mtu mwema mwenye suti. Isaiah alisema mgonjwa hachorwi wala hapigwi picha. Ukishika sura ya mgonjwa unakuwa umeisalimisha kwa kifo. Wazee walijua hivyo na Biblia haikuwapinga. Alisema watu wanaombea koo lipone na hapa mtu anaalika kaburi likae kwenye kochi. Janeffer akamshukuru. Hakuwa na imani sana na hoja ya wazee, lakini alikuwa ameng'ang'ania jambo moja: kwamba siku nyingine mzee ataamka aseme ana njaa. Mwanamke anayelisha mume kwa mpira huishi kwa tumaini hilo, na huwezi kumwondolea bila kumwondolea miguu.

Basi ndivyo kosa lilivyotokea. Asubuhi ya Alhamisi moja Kipngeno alimnong'oneza kuwa anataka makaa ya senetwet.

Jamani. Mwanamke wa Kipsigis akiombwa makaa ya senetwet na mumewe, atadhani nini? Makaa hayo yana kazi moja tu. Janeffer alitoka mle ndani karibu anakimbia. Alikata tawi mwenyewe, nene la kutosha, akalichoma polepole akiligeuza lisiwe majivu, na alipokuwa akiligeuza alianza kuimba wimbo wa kanisa, kitu ambacho jiko hilo halikuwa limesikia tangu mvua za masika. Alishusha kibuyu kutoka msumarini. Kilikuwa kimekauka na kupata vumbi shingoni. Akakiosha. Akamsimamisha jirani aliyepita njiani, akamwambia mzee ameomba mursik. Akampelekea mumewe vipande vya makaa kwenye kisahani ili avione, kwamba kazi imeanza, akarudi kumkamua ng'ombe kwa ajili ya maziwa mabichi.

Aliporudi na ndoo, Bonareri alikuwa ameketi kwenye kiti chake na karatasi kubwa juu ya ubao, na kile kipande kirefu cha makaa mkononi. Makaa ya dukani yalikuwa yamemwishia, na Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba yale ya Mama ni meusi zaidi.

Janeffer aliweka ndoo chini taratibu, isimwagike. Alimwangalia mumewe. Mumewe alimwangalia yeye, na aliona kwamba Kipngeno ameelewa sasa hivi kile ambacho mkewe alikuwa amedhani. Kwamba mtu wa maswali mengi hakujiuliza hilo moja. Alifungua mdomo. Koo halikutoa kitu.

"Toka kwangu," Janeffer alimwambia msichana.

"Mama, bado mdomo—"

"Toka."

Bonareri alitoka. Janeffer aliichukua karatasi bila kuiangalia, akapanda ngazi ya darini kunakowekwa mahindi, akaisukuma nyuma ya magunia, uso ukielekea chini. Maziwa akayapa mbwa. Usiseme alikuwa na roho mbaya. Wewe hukuwahi kuimba kwa sababu ya makaa.

Kipngeno hakuomba tena. Labda alikosa sauti, labda aliona aibu. Alikufa kabla ya mahindi kukauka, mchana, Janeffer akiwa ameshika ule mpira, uji ukiwa umesimama katikati.

Sasa Isaiah alifanya mambo kama mtu anayependa ndugu yake. Hema likaja, viti, spika. Kwa upande wa picha alikwenda studio akawapa ile ya harusi ya Chepchumba, na vijana wa kompyuta wakaifanyia kazi. Walimtoa Kipngeno kwenye kundi la wageni, wakaufuta mkono wa mtu uliokuwa begani kwake, wakambadilisha tai, wakamweka mbele ya kilima cha chai chini ya anga la bluu ambalo huku kwetu hatujawahi kuwa nalo mchana kutwa tangu Nuhu. Mashavu yaling'aa. Wakatia kioo na fremu ya rangi ya dhahabu. Kila aliyepita alisema imependeza.

Asubuhi ya mazishi mwili ulitoka mochari, sanduku likafunguliwa chini ya hema watu waage. Janeffer alitangulia, akishikwa huku na huku kama ilivyo desturi, maana mjane anatarajiwa kuanguka. Akaangalia ndani. Watu wa mochari nao walikuwa wamempenda ndugu yetu: walikuwa wamejaza pamba mashavuni, wakapaka poda, wakaziba shingo kwa kola. Alilala humo mnene, amerudi miaka kumi nyuma, anafanana na fremu.

Janeffer alisubiri kilio. Wanawake waliomshika walikaza mikono wakisubiri pia. Hakikuja. Alihisi kama amesimama kwenye msiba wa watu asiowajua na mtu anamngoja atoe rambirambi. Yule mume ambaye yeye alimnyanyua kitandani, akamfuta, akampitishia uji mpirani kidogo kidogo, hakuwa pale. Mnong'ono ukapita kwenye viti. Huku kwetu mjane asiyelia hujadiliwa kuliko bei ya majani.

"Huyu mmemtoa wapi?" alimuuliza Isaiah.

Isaiah alidhani ni huzuni inayoongea, akamshika bega. Janeffer akalitoa bega lake, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akiwa na gauni jeusi na viatu vya kisigino, akapanda ngazi ya darini. Walisikia magunia yakivutwa. Alishuka na nywele zina makapi, mkononi ana karatasi. Akasimama mlangoni mwa jikoni, na kwa mara ya kwanza akaigeuza.

Alimwona. Mifupa ya juu ya macho, mashimo, kamba za shingo, na ule upande wa kushoto aliokuwa akiulalia mpaka sikio likakunjika. Na macho yenyewe, yakiuliza. Chini ya pua hapakuwa na kitu. Karatasi ilikuwa nyeupe pale mdomo ungekuwa, kwa sababu ya yeye aliyesema toka.

Hapo ndipo kilio kilipokuja, na wale wanawake wakaupata msiba waliokuwa wakiungoja, wakaona afadhali wasingeupata.

Alipoweza kusimama alimtafuta Bonareri. Msichana alikuwa nyuma kabisa na wanafunzi wenzake, karibu na sufuria za chai. Janeffer alimpa karatasi, akaingia jikoni, akatoka na kisahani kile kile, makaa yakiwa bado juu yake.

"Malizia," alisema.

Bonareri alisema hawezi. Alisema kwa heshima, akiangalia viatu vyake, kwamba Mwalimu hayupo tena, na yule aliye kwenye sanduku si wa kuchorwa.

"Mimi niko. Nitakuambia."

Wakaketi kwenye benchi la jikoni. Kule hemani kwaya iliambiwa iimbe tena, ikaimba, ikarudia. Janeffer alisema mdomo ulikuwa wazi kidogo upande huu, kwa sababu ya mate kumshinda. Bonareri akachora. Akasema hapana, usiufanye kama anaomba maji. Alikuwa kama mtu anayetaka kusema kitu na amengoja wewe umalize kwanza. Bonareri akafuta kwa kidole, akachora tena. Akasema midomo ilipasuka hapa, na hapa. Isaiah alikuja mara mbili kuwaambia mchungaji anangoja na mawingu yanashuka. Mara ya tatu alifika, akaona karatasi, akarudi bila kusema.

Janeffer mwenyewe aliibeba na kuiegemeza juu ya jeneza, mbele ya ile ya dhahabu.

Lazima isemwe ukweli, kwa kuwa marehemu angetaka. Watu hawakupenda. Mama mmoja alijifunika macho kwa kitambaa. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hata adui hafanyiwi hivyo. Isaiah aliinama, kichwa mikononi, na huenda alikuwa anaomba na huenda alikuwa analia. Mchungaji alisoma upesi. Lakini mchungaji yule yule, kila baada ya mstari, aliinua macho kwenye karatasi, na yule mama aliyejifunika alikuwa ameacha nafasi kati ya kitambaa na pua. Hakuna hata mtu mmoja aliyeangalia anga la bluu.

Mvua ya huku haikosi miadi. Ilianza wakati sanduku likishuka, picha zote mbili zikiwa zimeegemezwa kando ya kaburi, na hema lilikuwa mbali. Wanaume walishika sepetu, wengine wakakimbilia migombani. Makaa ya kibuyu hayana gundi. Tone la kwanza lilipotua kwenye paji la uso, lilishuka na mstari mweusi mpaka kwenye jicho. Isaiah alinyakua ile fremu ya dhahabu akaikinga kwa koti, ingawa ilikuwa na kioo.

Janeffer alifungua shuka aliyojifunga mabegani, akaizungusha karatasi, akaikumbatia kifuani uso ukiwa umemwelekea yeye, akasimama hapo penye matope mpaka sepetu ya mwisho. Alijua anaifuta. Kila alipovuta pumzi makaa yalihamia kwenye gauni.

Jioni walipoifungua, yalibaki macho, na sehemu ya shingo. Mdomo ulikuwa umekwisha tena. Bonareri aliuliza kama achore upya, sasa anaujua. Janeffer alisema hapana. Akaibandika ukutani hivyo hivyo, kando ya msumari wa kibuyu, akamimina chai, akaketi nayo mkononi bila kuipuliza na bila kuinywa, mpaka ikawa baridi kabisa.